Bahasha ya posa ndani ya kosta ya washabiki

Juzi nimevuka daraja la Kigongo na Busisi nikiwa ndani ya basi linalotoka Mwanza kwenda Geita. Msomaji wangu, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, na kabla sijamaliza kumenya yai la kuchemsha nililonunua Usagara, tayari tuko ng'ambo! Mama watoto akanigusa na kiwiko. "Enzi zile lingekuwepo hili," akasema, "mngefika kwetu saa nne kama mlivyoahidi."

Sikumjibu. Nilijifanya natafuta chumvi ya yai.

Daraja lile lilizinduliwa Juni 19, 2025. Sisi tulipita pale mwanzoni mwa Juni 2019, miaka 6 nyuma, enzi za kivuko, tukiwa tumejazana kwenye kosta iliyofungwa matawi ya miti mbele na nyuma. Tulikuwa tunaifuata timu yetu, Geita Gold, Mwadui. Mimi nilikuwa na safari yangu nyingine ndani ya safari hiyo, na hiyo ndiyo nataka kuwapa leo, maana wengi mmekuwa mkinidai.

Kwanza niwaweke sawa wale ambao mwaka 2019 walikuwa bado wanacheza kombolela. Msimu ule wa 2018/19 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20. Mbili za mkiani zilikuwa zinashuka moja kwa moja, na mbili zilizo juu yao zinaingia kwenye mchujo na timu za Daraja la Kwanza. Kagera Sugar ikapangiwa Pamba ya Mwanza. Mwadui ikapangiwa sisi. Yaani almasi na dhahabu uso kwa uso! Mshindi anakula Ligi Kuu, aliyepigwa anabaki na stori za kijiweni.

Mechi ya kwanza ilichezwa kwetu Geita na hatukuwafunga. Sitaki kuirudia, maana hata leo nikiikumbuka tumbo linauma. Kwa hiyo kila kitu kikabebwa kikapelekwa Mwadui, kwenye marudiano.

Kijiwe chetu kilikuwa Kalangalala, pembeni ya kibanda changu cha vocha na chaja za simu. Wiki ile biashara ilikuwa hakuna, watu wanakuja kubishana tu. Kulikuwa na jamaa mmoja wa machimboni, mtu wa kuosha mchanga, akatupa falsafa yake. "Jamani," akasema, "sisi watu wa Geita marudio tunayaogopea nini? Mchanga umeshaoshwa mara ya kwanza, wajinga wanasema hauna kitu. Ukiuosha tena dhahabu imo!" Basi kijiwe kizima kikalipuka. Wasiojua, marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa kwenye mialo, na kuna watu wamejenga nyumba za bati la rangi kwa marudio tu. Kuanzia siku ile mtu akikusalimia "mambo?" jibu lilikuwa "marudio!"

Lakini chini ya kelele zile woga ulikuwepo, tena si mdogo. Geita tulikuwa na kidonda. Mwaka 2016 tulikuwa kwenye mlango kabisa wa Ligi Kuu. Siku ya mwisho tukaifunga JKT Kanembwa 8-0, na siku hiyohiyo, kundi hilohilo, Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Mwenye akili akisikia mabao 15 ya siku moja anakuna kichwa, na TFF nao wakakuna. Adhabu zikashuka kama mvua ya mawe, na Mbao ya Mwanza, ambayo wala haikuwa ikitegemea, ikapandishwa. Mwaka uliofuata Mbao hao hao wakacheza fainali ya Kombe la FA na Simba pale Dodoma, sisi tunaangalia kwenye tivii ya baa. Ukitoka nje ya Geita ukasema unashabikia timu gani, mtu anakuuliza, "Leo mtashinda nane?" Unacheka, utafanyaje?

Kwa hiyo mchujo huu haukuwa wa kupanda tu. Tulitaka kupanda kwa halali, mbele za watu, ugenini, ili wafunge midomo.

Na Mwadui hapakuwa mahali pa kwenda kichwakichwa. Pale ndipo mzungu wa Kanada, John Williamson, alipoanzisha mgodi wa almasi mwaka 1940, na ndipo ilipotoka ile almasi ya waridi aliyozawadiwa Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Ni mji ndani ya mgodi, una ua na geti. Kijiweni stori zilikuwa nyingi. "Ukiwa ndani usiiname," mmoja anatuonya, "hata kamba ya kiatu ikifunguka iache hivyohivyo. Ukiinama wanajua umeokota jiwe." Mwingine anasema kiatu chenyewe wanakivua wakakikung'uta. Mwingine, huyu alikuwa kwenye ile tunayoiita kamati ya ufundi, akaapa kwamba tusipite geti kubwa, kuna kitu kimefukiwa. Nikamuuliza, sasa bwana mkubwa, tutapita wapi kama geti ni hilo? Akaniambia nisiingilie mambo ya wataalamu.

Zaidi ya hapo, Shinyanga ilikuwa na hasira. Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi pale mjini, ilikuwa imetoka kushuka msimu uleule baada ya kukaa Ligi Kuu tangu 2014. Mwadui walipanda mwaka uliofuata, 2015, chini ya Jamhuri Kihwelo "Julio". Stand na Mwadui walikuwa paka na panya. Lakini sasa mkoa ulikuwa umebakiwa na timu moja, nayo sisi tunaenda kuing'oa. Wale wa Stand ambao miaka yote walikuwa wanaiombea Mwadui njaa, ghafla wakawa ndugu!

Sasa tuje kwenye mambo yangu.

Nilikuwa na mchumba Maganzo. Maganzo ndiyo senta iliyo barabarani, pua na mdomo na mgodi wa Mwadui. Binti nilimpata Geita alipokuja kumtembelea dada yake, akaja kununua vocha ya 500, na sisi watu wa vibanda tunajua kuishughulikia vocha ya 500 nusu saa nzima. Mambo yakaiva. Baba yake alikuwa ameendesha magari makubwa ya mgodi pale Mwadui mpaka alipostaafu, na kila mechi ya nyumbani alikuwa anakaa mahali palepale, na redio yake ndogo sikioni, anasikiliza mechi nyingine huku anaangalia hii.

Nilikuwa nimejichanga sh. 400,000 za kishika uchumba. Mshenga wangu ni mjomba, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suti ya kijivu na peni mbili mfukoni, ambaye mpira kwake ni kitu cha kunyang'anya watoto. Alishakubaliana na wakwe kwa simu: kiasi ni hicho, siku ni hiyo, saa nne asubuhi chai itakuwa mezani. Siku yenyewe ikaangukia siku ya marudiano.

Najua mnachowaza. Mnasema huyu aliipanga makusudi. Jamani, tarehe alipanga mjomba! Mimi nilikubali haraka tu.

Kosta ilikuwa ya sh. 480,000 kwenda na kurudi. Tuliojiandikisha kulipa tulikuwa 26, kila mtu 20,000, ili ipatikane na nauli ya kivuko. Mimi na mjomba tulikuwa nje ya hesabu hiyo, mimi kwa kuwa ndiye mratibu, mjomba kwa kuwa ni mjomba. Mpaka jioni ya kuamkia safari waliolipa ni 11. Kumi na moja! Wale waliokuwa wanapiga kelele za "marudio" wiki nzima, sasa ukiwapigia simu inaita tu. Mwenye gari akasema bila fedha yake yote mkononi gari haliwashwi, kesho analipeleka kwenye msiba Katoro.

Nilikaa kwenye kibanda changu na ile bahasha. Msomaji wangu, wewe ungefanyaje? Washikaji 11 wameshalipa, wamenunua na jezi. Timu inaenda kucheza mechi ya maisha yake, ikitazama jukwaani haioni hata mtu mmoja wa kwao. Na mimi mwenyewe kwa Maganzo nilikuwa naenda kwa vyovyote. Nikachomoa 260,000 nikampa mwenye gari. Nikajiambia wale 15 watalipa njiani, kufika Busisi bahasha imejaa kama ilivyokuwa.

Saa tisa usiku tukaondoka. Baridi ya Juni inauma ile mbaya. Mjomba tulimpitia kwake, akatoka na suti, viatu vinang'aa, na mkoba wa ngozi wenye barua ya posa. Alipofungua mlango wa kosta akakutana na jamaa kajipaka rangi usoni na vuvuzela mdomoni. Mjomba akasimama. Akanitazama. "Hii ndiyo gari yetu?" Nikasema ndiyo, shikamoo. Akapanda, akakaa siti ya nyuma ya dereva, akaweka mkoba magotini, na tangu pale mpaka Sengerema hakusema neno. Nyuma yake watu wanaimba kwamba leo Mwadui wanalala na viatu.

Nikapita siti kwa siti na daftari. Watu 6 wakatoa 20,000 zao. Mmoja akatoa 5,000, akasema nyingine ataipata Misungwi kwa shemeji yake. Wanane walikuwa wamelala usingizi mzito ghafla, mmoja anakoroma mpaka nikamwonea huruma. Nikapata 125,000. Nikaziweka kwenye bahasha: 265,000.

Busisi tulifika kumekucha, foleni imejaa. Malori, mabasi ya Bukoba, magari yamebeba samaki, sisi tuko nyuma kabisa. Kivuko kimoja kinashusha ng'ambo, kingine hatukioni. Saa moja. Saa mbili. Mama ntilie wakauza chai mpaka ikaisha. Mjomba akashuka, akanunua sato wa kukaanga, akala amesimama, leso imetandikwa kifuani kulinda suti. Hapo ndipo alipozungumza mara ya kwanza. "Saa nne niliyowaambia wakwe ni saa nne ya leo?" akaniuliza.

Nauli ya kivuko, gari na watu, sh. 40,000. Waliolala walikuwa bado wamelala. Nikalipa kutoka kwenye bahasha. Zikabaki 225,000.

Ng'ambo ya pili tukakanyaga mafuta. Misungwi hatukusimama (na yule wa shemeji hakukumbusha), Mabuki, Hungumalwa, pamba imelundikwa kwenye magodauni, vijana kando ya barabara wanatuonyesha vidole vitano juu, yaani tutapigwa tano. Ndani ya gari kimya kimeingia. Ni kile kimya kinachowakamata washabiki wakikaribia ugenini, kila mtu anapiga hesabu zake. Jamaa wa marudio akaanza kuuliza kama kweli geti ni moja tu.

Maganzo tulifika saa saba kasoro. Wenzangu wakashuka kununua chipsi, mimi na mjomba tukachomoka kwenda kwa wakwe. Jezi ya Geita nilikuwa nimeivaa ndani, juu nimevaa shati la mikono mirefu, nimefunga vifungo mpaka shingoni, natoka jasho kama karasha.

Chai ilikuwa imeshaondolewa mezani zamani. Mzee yuko nje chini ya mwembe, amevaa jezi ya Mwadui juu ya suruali ya kitambaa, redio mkononi.

"Mwadila, bhabha," nikapiga goti.

"Mwadila." Akamgeukia mjomba. "Mzee mwenzangu, tulisema saa nne."

Nikamwomba Mungu mjomba aseme gari liliharibika. Lakini mtu aliyefundisha miaka 30 na ushee hadanganyi, hata umlipe. "Mzee mwenzangu," akasema mjomba, "tumechelewa kivukoni. Tumekuja na gari la washabiki wa Geita. Kijana wetu ndiye aliyelikodi."

"Amelikodi kwa fedha zipi?"

Mjomba akanitazama mimi. Dirishani niliona pazia linatikisika, nikajua binti naye anasubiri jibu. Kwa kweli pale ndipo nilipoogopa. Siyo mzee. Ni lile pazia.

Nikaitoa bahasha, nikamwambia ukweli: imo 225,000, imepungua 175,000, zimo kwenye kosta, nyingine zimelala siti za nyuma.

Mzee hakupokea. Akasimama, akaweka redio mfukoni. "Hii habari tutaizungumza baada ya mpira," akasema. "Twende. Na wewe nkwilima utakaa na mimi."

Sijui kama mmeshawahi kukaa katikati ya washabiki wa timu mnayotaka kuiua, pembeni ya mtu anayeshikilia maisha yako, na jezi yako iko ndani ya shati inakuwasha. Getini sikuinama. Kiatu kilikuwa kimefunguka kweli, nikakiburuta hivyohivyo mpaka jukwaani. Upande wa pili nawaona wenzangu, kikundi kidogo tu kwenye ule umati, wanapuliza vuvuzela, jamaa wa marudio anazungusha shati. Mmoja akaniona! Akaanza kunipungia, "Mratibuuu! Njoo hukuuu!" Mzee akaniuliza, "Wanamwita nani?" Nikasema sijui.

Timu zikaingia. Na hapo, msomaji wangu, ndipo nilipogundua sijui naomba nini. Tukishinda tumepanda, kidonda cha 2016 kimefungwa, nitarudi Geita natembea katikati ya barabara. Lakini nitakuwa nimempeleka mzee huyu Daraja la Kwanza, halafu jioni nimwombe binti yake na bahasha pungufu. Tukifungwa, labda nitapata mke. Nilimtazama mzee. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwenye redio, ingawa siku ile haikuwa imewashwa hata.

Mjomba, katikati yetu, akauliza wale wenye jezi za njano na wale wengine, nani ni nani.

Matokeo mnayajua. Mwadui walibaki Ligi Kuu, sisi tukarudi Daraja la Kwanza, na dakika 90 zile nisimulieni nyie. Ninachoweza kusema ni kwamba filimbi ya mwisho ilipolia nilitaka kulia, na mzee akanikumbatia akidhani nafurahi. Kumbatio lile akaigusa jezi ndani ya shati. Akapapasa. Akafungua kifungo kimoja, akachungulia, akafunga.

"Lete hiyo bahasha," akasema.

Akahesabu palepale jukwaani, watu wanacheza ngoma. Akamwambia mjomba atoe peni aandike: pungufu 175,000, italipwa mtamba mmoja. Mjomba akasema mtamba ni zaidi ya 175,000. Mzee akasema hiyo tofauti ni ya kosta.

Nilimpelekea mtamba wake mwaka 2021. Mnakumbuka msimu wa 2020/21: Geita Gold tukapanda, na msimu uleule Mwadui wakashuka, tukapishana ngazini kama watu wasiofahamiana. Msimu wetu wa kwanza tu tukamaliza nafasi ya 4, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17 akimpita Mayele wa Yanga, mwaka 2022 tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Halafu 2024 na sisi tukashuka, na simu ya kwanza iliyoingia kwangu usiku ule ilikuwa ya Maganzo. Hakusema kitu mzee, alinisikilizisha redio tu.

Wale 8 waliokuwa wamelala walinilipa kidogokidogo, wa mwisho Desemba 2019. Bado mmoja. Wewe uliyetoa 5,000 ukasema nyingine ziko kwa shemeji yako Misungwi, najua unasoma ukurasa huu kila wiki, na najua umehamia Katoro una duka la vipodozi. Elfu kumi na tano yangu, bwana.